Baridi Inayonunuliwa kwa Petroli

Mashauri ya kubana mafuta hayajawahi kuadimika. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utapewa bure hata kabla hujauliza bei ya kipuri. Zima AC ukipanda mlima. Fungua vioo, AC inakula wese. Puliza chujio la hewa kila wiki. Ukiteremka, achia fri. Asubuhi acha injini iungurume dakika kumi ipate moto kwanza. Wanaosema haya si waongo. Karibu kila shauri lilikuwa kweli siku lilipozaliwa, kwa gari la siku ile. Magari yamebadilika zaidi ya mara moja tangu hapo, mashauri yakabaki vilevile, yakirithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi na kutoka kwa dereva hadi kwa utingo. Ili kujua lipi bado lina uhai, inabidi kulirudisha kila moja kwenye miaka yake.

Magari ya mwanzo hayakuwa na tatizo la joto kwa kuwa hayakuwa na chumba. Watu walikaa juu, wazi, wakipigwa na jua, mvua na vumbi kwa pamoja. Ni katika miaka ya 1920 ambapo viwanda vya Marekani vilihamia kwa wingi kwenye mabodi yaliyofungwa, yenye paa na vioo, na joto likapata pa kukaa. Jibu la kwanza lilikuwa upepo. Mwaka 1933 magari ya General Motors yalitoka na kidirisha cha pembetatu mbele ya kioo cha mlango, kazi ya kampuni yake ya mabodi, Fisher. Ukikigeuza kidogo kinafyonza hewa ya ndani kuitoa nje. Ukikigeuza kabisa kinakuletea upepo kifuani. Waliosafiri kwenye magari ya zamani wanakikumbuka.

Land Rover ilikuwa na akili nyingine. Magari yake yaliyotengenezwa kwa ajili ya makoloni ya joto yaliwekewa paa la pili la alumini juu ya paa la kwanza, katikati pakiachwa nafasi ya hewa. Jua lilipiga paa la juu. La chini lilibaki kivulini, na matundu madogo yalishusha hewa hiyo kwa abiria. Paa hilo liliitwa Safari, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo machache ambayo wahandisi wa Ulaya waliyafikiria wakiwa na bara letu kichwani. Kisha mwishoni mwa 1964 Ford ya Uingereza ikaleta kwenye Cortina mfumo iliouita Aeroflow: hewa inaingia kwenye dashibodi, inapita kwa abiria, inatokea kwenye matundu ya nyuma hata vioo vikiwa vimefungwa. Vile vitundu vya dashibodi unavyovigeuza leo kushoto na kulia ni wajukuu wa mfumo ule, na ndivyo vilivyokiondoa kile kidirisha cha pembetatu.

Upepo wote huo ulikuja bila bili ya petroli ya kutajika. Baridi ya kutengenezwa ilikuja na bili yake tangu siku ya kwanza.

Mhandisi Willis Carrier alijenga mtambo wake wa kupoza hewa mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Hakuwa anawahurumia wafanyakazi. Karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi zinapishana. Mitambo ya kupoza ya enzi hizo ilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezifungia chumbani na abiria. Mlango ulifunguliwa na mkemia Thomas Midgley, aliyepewa kazi na General Motors, kampuni iliyomiliki pia majokofu ya Frigidaire. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipata gesi isiyowaka na isiyoua, ikauzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta kifuani kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Umati uliona kwa macho yake: haidhuru, haiwaki. Mtu huyohuyo, miaka saba kabla ya Freon, mwaka 1921, alikuwa amegundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli inazuia injini kugonga. Uvumbuzi wake wote wawili uliishia ndani ya magari, na wote wawili tutakutana nao tena.

Gari la kwanza kuuzwa kiwandani likiwa na kiyoyozi lilikuwa Packard, lililoonyeshwa Chicago mwishoni mwa 1939. Kifaa kiliongeza dola 274 kwenye bei, wakati ambapo dola hizo zilikuwa fedha za mtu kufikiri mara mbili. Kilijaza nusu ya buti. Hakikuwa na swichi ya kuzimia kompresa: kukizima ilibidi dereva asimamishe gari, azime injini, afungue boneti, achomoe mkanda kwa mkono. Majira ya baridi yalipokaribia, mkanda uliondolewa kabisa na kuhifadhiwa hadi kiangazi. Packard waliachana nacho baada ya 1941. Hata hivyo mkanda ule ndio asili ya shauri la kwanza. Aliyelazimika kuuchomoa na kuurudisha kwa mkono wake mwenyewe alijua vizuri kwamba baridi yake inazungushwa na injini ileile inayovuta gari.

Na kazi hiyo si ndogo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Kompresa inaibana gesi hadi inakuwa moto na yenye kani kubwa, gesi inapita kwenye kondensa mbele ya rejeta na kumwaga joto lake nje, inageuka kimiminika, inapenyezwa kwenye tundu jembamba, kani inaanguka, nayo inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi ikinyonya joto la chumba. Ule mchirizi wa maji chini ya gari lililosimama ni unyevu wa hewa ya Dar uliogandamana juu ya evaporeta hiyo. Nguvu yote ya kubana inatoka kwenye injini. Watafiti wa maabara ya taifa ya nishati mbadala ya Marekani, NREL, walionyesha kwamba kiyoyozi kikifanya kazi kwa nguvu zote, kompresa yake inaweza kudai nguvu nyingi kuliko zile zinazohitajika kulisukuma gari la wastani kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 56 kwa saa. Kwa dakika hizo injini inaendesha magari mawili.

Baada ya vita mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1953 Chrysler na General Motors walirudi sokoni na viyoyozi. Mwaka 1954 Nash walikitoa kifaa chote kwenye buti na kukipanga mbele, pamoja na hita, kama ilivyo hadi leo. Wasio na fedha katika majimbo ya jangwani walining'iniza dirishani mkebe wenye majani yaliyoloweshwa maji, upepo ukapita humo ukapoa. Ufundi mzuri sana kwa Arizona, ambako hewa ni kavu. Tanga au Mombasa ungekuongezea jasho tu. Ilipofika 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na kiyoyozi. Petroli ilikuwa rahisi, injini zilikuwa kubwa kupita mahitaji, na hakuna aliyekuwa anauliza.

Hapa Afrika Mashariki miaka hiyohiyo ilikuwa ya Peugeot 404. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na 1967, vioo wazi, vumbi hadi kooni. Shauri la kuzima AC kwenye mlima lilitufikia baadaye sana, na lilifika likiwa limekwisha kukomaa kwa wengine.

Swali la mafuta liliulizwa kwa nguvu Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipofunga mabomba kwa Marekani na washirika wake. Ndani ya miezi michache pipa lilitoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Marekani ilishusha mwendo wa barabara kuu hadi kilomita 88 kwa saa. Kwetu pigo lilikuwa la aina nyingine: tulikuwa na viwanda vya kusafishia mafuta, cha Changamwe tangu 1963 na cha TIPER Kigamboni tangu 1966, lakini mafuta ghafi yenyewe yalinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka miaka ya uhaba ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Hapo hakuna cha AC wala vioo. Gari lililoegeshwa ndilo lililobana mafuta.

Marekani ilichukua njia ya sheria. Kwa sheria ya mwaka 1975 viwanda viliamriwa kuinua wastani wa magari yao mapya kutoka kilomita 7.7 kwa lita mwaka 1978 hadi 11.7 mwaka 1985. Magari yalipungua uzito, yakachongwa yapenye hewa, injini zikapungua. Jambo moja tu halikuguswa: vipimo vya matumizi ya mafuta vilifanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kiwanda hakikuwa na sababu ya kuhangaika na kompresa inayokula, kwa sababu mpimaji haioni. Ilikuwa mpaka magari ya mwaka 2008 ndipo lebo za Marekani zikaanza kuhesabu jaribio linalofanyika kwenye joto la nyuzi 35 huku AC ikiwaka. Ulaya na Japani vipimo viliendelea bila AC.

Jambo hili linawagusa wanunuzi wa magari yaliyotumika kuliko wanavyodhani. Mtu anaagiza gari kutoka Nagoya, amesoma kwamba linakwenda kilomita 20 kwa lita, analipokea bandarini, na mwezi wa kwanza anapata 12. Anamlaumu muuzaji, anamlaumu mwenye kituo cha mafuta, anasema petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Huenda hakuna aliyemwibia. Namba ile ilipimwa ndani ya jengo, bila AC, bila foleni ya Ubungo, kwa gari jipya. Mwaka 2002 watafiti wa NREL walikadiria kwamba viyoyozi vya magari ya Marekani vinakunywa takriban galoni bilioni 7 kwa mwaka, zaidi ya lita bilioni 26. Mafuta yote hayo hayakuwa yakionekana kwenye lebo yoyote.

Basi, vioo au AC? Mjadala huu umevunja urafiki safarini, na asili yake ni magari ya miaka ya 1970 yaliyokuwa na umbo la sanduku. Hewa inayopinga gari inaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, upinzani unazidi mara nne. Gari lenye umbo la sanduku linapingwa sana hata vioo vikifungwa, kwa hiyo kuvifungua hakuongezi kitu kikubwa. Gari lililochongwa vizuri linapoteza zaidi vioo vikiwa wazi. Wahandisi wa General Motors walilipima jambo hili mwaka 2004 kwenye handaki la upepo na jangwani, wakakuta hivyo hasa. Lakini wakakuta pia kwamba AC bado ndiyo iliyokula zaidi. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililirudia mwaka 2013 kwa Toyota Corolla na Ford Explorer: kwa mwendo mdogo AC ni ghali kuliko vioo kwa mbali, na pengo linapungua kadiri mwendo unavyopanda, hadi kwa Corolla kwenye mwendo mkali wa barabara kuu mambo yanageuka. Mwendo huo ni ule ambao trafiki wa Chalinze atakusimamisha kwanza.

Foleni ndiyo mahali ambapo AC inauma. Gari limesimama, kilomita haziongezeki, kompresa inazunguka. Idara ya nishati ya Marekani inasema kwamba katika joto kali, hasa kwenye safari fupi, AC inaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa zaidi ya asilimia 25. Safari fupi ni mbaya kwa sababu ya dakika za mwanzo. Gari lililoegeshwa juani linapanda haraka: utafiti wa Stanford uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta joto la ndani linaongezeka kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikitokea nusu saa ya kwanza, na kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Kompresa inakutana na tanuri hilo kwa nguvu zake zote. Mwenye kufungua milango yote dakika moja kabla ya kuingia, akaondoka vioo vikiwa chini, kisha akavipandisha na kuwasha AC, ameitoa bure hewa ambayo mwingine anaipoza kwa petroli. Mti wa mwarobaini karibu na maegesho unafanya kazi ileile, na hauna kipuri.

Kuna lingine ambalo hata mafundi wengi hawalisemi. Kwenye magari mengi ya zamani kidogo, kugeuza kitufe cha joto kutoka baridi kali kwenda wastani hakuipunguzii kompresa kazi. Mfumo unaipoza hewa hadi mwisho, halafu unaichanganya na hewa ya moto ya hita ili ikupendeze. Umelipia baridi, kisha ukaiharibu. Kinachosaidia ni kupunguza feni, na kubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ili mfumo upoze hewa iliyokwisha kupoa na si joto jipya la barabarani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zilianza kuja kompresa zinazojipunguza zenyewe kulingana na haja, na kwenye magari hayo kitufe cha joto kina maana zaidi. Hivyo shauri la AC nalo linategemea kilicho chini ya boneti.

Lakini mageuzi makubwa kuliko yote hayakuwa ya baridi. Yalikuwa ya kabureta.

Kabureta ni kifaa cha kijanja kisicho na macho. Hewa inapita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, petroli inavutwa kwa mnyonyo, vinachanganyika, vinaingia kwenye injini. Petroli inaungua vizuri ikipata hewa karibu mara 14.7 ya uzito wake, na kabureta inakisia uwiano huo kwa vijitundu na springi. Chujio la hewa likiziba, mnyonyo unaongezeka, petroli inavutwa zaidi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi. Fundi aliyesema chujio chafu linakula mafuta alikuwa amenusa moshi huo kwa pua yake. Vivyo hivyo injini ya kabureta ikiwa baridi ilizimikazimika, ndipo likaja shauri la kuipasha moto.

Bosch waliingiza sokoni mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza mafuta mwaka 1967, kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1976 wakaongeza jicho: sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwanza kwenye Volvo za soko la Marekani. Sensa hii inakaa kwenye bomba la moshi, inaonja moshi, na kuiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua, mara nyingi kwa sekunde. Haya ndiyo magari tunayoyaita EFI, na ndiyo karibu yote yanayoshuka leo kwenye meli kutoka Japani. Mwaka 2009 Oak Ridge waliziba kwa makusudi machujio ya magari ya namna hiyo. Matumizi ya mafuta hayakubadilika. Gari lilikosa nguvu ya kuchomoka, basi: kompyuta ilipunguza petroli kulingana na hewa iliyopo, na dereva akakanyaga zaidi. Kwenye gari la kabureta, chujio lililoziba kupindukia liliweza kula hadi asilimia 14.

Sisemi chujio liachwe. Kwenye vumbi la barabara za mikoani chujio linalinda ringi na silinda, na hilo latosha. Nasema tu kwamba kulipuliza kila wiki kwa upepo wa kompresa ya gereji hakukurudishii senti ya mafuta, na kunaweza kuitoboa karatasi yake, vumbi likapita hadi kwenye sensa ya hewa na hatimaye ndani ya injini. Kwa nia ya kubana, mtu anaichosha injini yake.

Kilichochukua nafasi ya chujio kwenye orodha ya walaji ni ile sensa ya oksijeni yenyewe. Ikifa, kompyuta inapofuka, inamwaga petroli kwa kukisia, na matumizi yanaweza kupanda sana. Kurekebisha hitilafu kubwa ya namna hii, kwa hesabu za Marekani, kunaweza kuongeza kilomita kwa lita kwa hadi asilimia 40. Hakuna moshi mweusi wa kuonekana kila mara, hakuna mlio. Kuna taa ya injini tu kwenye dashibodi, ambayo wengi wetu tumezoea kuendesha nayo kama pambo, na ambayo wauzaji wasio waaminifu huichomoa globu.

Hapa Midgley anarudi. Risasi yake ndani ya petroli huiua sensa ya oksijeni, na huua pia kisafisha moshi kinachotegemea sensa hiyo. Kwa hiyo miaka ambayo Japani ilikuwa inaendesha magari yenye jicho, petroli yetu ilikuwa bado inayapofusha. Kampeni ya kuiondoa risasi ilisimamiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka makao yake ya Gigiri, Nairobi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza. Dunia nzima ilimalizana nayo Algeria ilipoacha, mwaka 2021. Kabla ya 2006, kumwambia dereva wa Arusha atunze sensa ya oksijeni kungekuwa mzaha.

Nije kwenye fri. Kwenye kabureta, kuteremka ukiwa nyutro kuliokoa kitu: injini ikiwa kwenye gia mteremkoni inazunguka kwa kasi, mnyonyo unaendelea kuvuta petroli. Kwenye EFI ni kinyume. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na petroli inayotumika ni sifuri. Ukiweka nyutro, lazima nozeli zifunguke ili injini isizimike. Ni kweli kwamba kwenye mteremko mwepesi gari la nyutro litaserereka mbali zaidi. Lakini Kitonga na Sekenke si miteremko myepesi. Kule utashika breki tu, na gia ingekusaidia kulizuia gari bila kuchoma mafuta. Pampu za dizeli za malori, hata zile za zamani zisizo na kompyuta, nazo hukata mafuta mteremkoni. Kipande cha Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kimezika watu wengi, na malori yaliyoachiwa fri ili kubana dizeli yametajwa miongoni mwa sababu. Katika mashauri yote hili ndilo ninalolichukia, kwa sababu linaua, na hata mafuta haliokoi.

La kuungurumisha injini asubuhi halihitaji maneno mengi. Injini ndogo ya petroli ikiunguruma gari likiwa limesimama inakunywa kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na inapata moto haraka zaidi ikitembezwa polepole.

Shauri la kujaza upepo kwenye matairi lina historia yake tofauti, na ya uaminifu zaidi. Mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuteka mashamba ya mpira ya Malaya na visiwa vya Indonesia, Marekani iliweka kikomo cha kilomita 56 kwa saa nchi nzima. Shabaha haikuwa petroli. Ilikuwa kuokoa mpira. Baada ya vita Michelin wa Ufaransa walitoa tairi la radial, nyuzi zake zikipita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, likapungua kujikunja na kupata moto. Mwaka 1992 wakaongeza silika kwenye mchanganyiko wa mpira, likabingirika kwa wepesi zaidi. Joto la tairi ni mafuta yaliyopotea, na tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi na kupata moto zaidi. Hilo lilikuwa kweli 1942 na ni kweli leo: kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote inakula kama asilimia 0.2.

Ni kidogo, na udogo huo uliwahi kuzua kichekesho cha kisiasa. Katikati ya 2008, pipa la mafuta likiwa limepita dola 140, Barack Obama aliwaambia wapiga kura wa Missouri kwamba kujaza upepo na kufanya servisi kungeokoa mafuta mengi sawa na yale ambayo wapinzani wake walitaka kuyachimba baharini. Wapinzani wakagawa vipima upepo vya matairi kama dhihaka. Siku chache baadaye mgombea wao mwenyewe, John McCain, akakiri kwamba kujaza upepo ni jambo jema.

Huku kwetu ugumu uko kwenye kipimo. Kibandiko cha upepo kwenye nguzo ya mlango wa gari la Kijapani kimeandikwa kwa kPa, mara nyingi 220 au 230, yaani psi 32 au 33. Kijana wa upepo anauliza, "Ngapi, bosi?" na bosi, asiyewahi kukitazama kibandiko, anajibu arobaini au ishirini na tano kwa jinsi alivyoamka.

Freon nayo ilifikia siku yake. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizi, zisizodhuru kifua cha mtu, zinapanda hadi angani na kuvunja ozoni. Mwaka 1985 tundu lilionekana juu ya Antaktika, na Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Sekretarieti yake nayo ina makao Nairobi. Magari yakahamia gesi ya R-134a miaka ya 1990. Hiyo haigusi ozoni, ila kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kwa zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuipunguza hiyo na jamaa zake. Ulaya ilikuwa imetangulia: tangu 2017 gari jipya haliruhusiwi kuuzwa na R-134a, linatumia R-1234yf, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi.

Kwa mwenye gari lililotumika, haya yanaishia kwenye mtungi wa fundi. Kujaza gesi ndiko tiba ya kila ugonjwa: AC haipoi, ongeza gesi. Lakini gesi haiungui wala haiishi. Ikipungua kuna inapovujia. Ikiwa pungufu, kompresa inazunguka muda mrefu bila kufikisha baridi, na kwa kuwa oili yake husafiri na gesi, inajisaga. Ikizidi, kani ya kondensa inapanda na injini inasukuma mzigo wa bure. Kondensa iliyojaa vumbi na wadudu wa barabarani inaleta madhara yaleyale, na kuiosha kwa maji ya kani ndogo ni kazi ya dakika chache ambayo sijui kwa nini haimo kwenye servisi za kawaida. Gesi yenyewe ipimwe kwa mizani, gramu zilizoandikwa chini ya boneti, si kwa kugusa bomba na kusema "sasa liko poa."

Na sasa yanashuka bandarini magari ya haiburidi. Toyota Prius iliyotoka 2003 ilikuwa na kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa betri, bila mkanda wowote. Injini inazimika kwenye foleni, baridi inaendelea. Joto la dereva na mwendo wa injini vimeachana kwa mara ya kwanza tangu Packard. Mlima hauhusiki tena, na kuzima AC kwenye mwinuko wa sekunde arobaini hakuna maana kubwa. Ila kompresa hiyo ina umeme wa volti mia kadhaa ndani yake, na oili inayozunguka humo lazima iwe ya aina isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya AC, ile PAG iliyomo kwenye kopo la kila gereji, inapitisha. Fundi akiongeza kiasi kidogo tu cha hiyo wakati wa kujaza gesi, insulesheni inashuka, kompyuta inagundua umeme unavuja, na gari linaweza kukataa kuwaka kabisa.